Dumu Tupu na Kamba Ndefu

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mwezi uliopita kijana alizama ufukweni mbele ya macho yetu. Tumeunda kikundi cha kujitolea, lakini hatuna boti wala fedha. Tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana. Anzeni na macho. Nililinda ufuko kwa kujitolea miaka mingi, na mtu wa kwanza niliyemwona akizama hakupiga kelele hata kidogo. Kichwa kilikuwa kimelala nyuma, mdomo usawa wa maji, mikono ikikandamiza maji pembeni. Nilidhani anacheza! Mwenzangu ndiye aliyeshtuka. Tangu siku ile huwafundisha watu ishara hizo kabla ya jambo jingine lolote.

Kisha tundikeni kwenye nguzo dumu tupu lililofungwa vizuri, lenye kamba ndefu. Mrushieni anayezama, msimrukie. Waokoaji wengi hufa hivyo, na huniuma kila ninaposikia.

Chunguzeni pia mahali ambapo mawimbi hayavunjiki. Panaonekana pametulia, watoto hupapenda, kumbe ndipo mkondo unaporudi baharini. Simikeni bendera nyekundu hapo. Aliyenaswa asishindane na mkondo: aelee, apunge mkono, aogelee sambamba na ufuko mpaka autoke.

Zamu zenu ziwe nzito siku za sikukuu. Na jifunzeni kumpulizia pumzi aliyeopolewa asiyepumua, pamoja na kumbonyeza kifua, kwa kuwa alichokosa kwanza ni hewa. Tarehe 25 Julai ni Siku ya Kuzuia Kuzama Duniani. Waalikeni wazazi waje wafanye mazoezi nanyi.