Histeroskopi (kuchungulia ndani ya kizazi kwa kamera) bila ganzi: kwa madaktari mnaoanza

Mama akikaza mapaja, simamisha mkono. Usimwambie "legeza" huku bado unasukuma. Hakuna anayelegea hivyo.

Maumivu mengi hatuyaleti kwa kamera, tunayaleta kwa tulivyozoea kufanya kabla yake: spekula, yaani kifaa cha kupanua uke, kisha koleo la kushika mlango wa kizazi. Kwa kifaa chembamba, chenye kipenyo cha milimita 3.5 au pungufu, vyote hivyo mara nyingi havihitajiki. Madaktari Bettocchi na Selvaggi walieleza njia hiyo mwaka 1997: unaingiza kamera ukeni, maji ya chumvi yanaupanua uke, unaufuata mlango kwa macho.

Hapo kwenye mlango ndipo wengi mnapokwama. Lenzi ya nyuzi 30 hutazama upande, kwa hiyo ukiliweka tundu katikati ya skrini, ncha inagonga ukuta. Liache tundu pembeni, juu au chini kulingana na lenzi ilivyogeuzwa. Picha ikififia, mkono hukimbilia kuongeza presha ya maji. Uzuie! Anza na 30 hadi 50 mmHg, subiri maji yafungue njia yenyewe. Kizazi kikitanuliwa ghafla ndipo mama anaruka kitandani.

Kabla ya siku yenyewe: mpangie baada tu ya hedhi, utando wa ndani ya kizazi ukiwa mwembamba. Pima mimba, na kama ana maambukizi ya nyonga, ahirisha. Mpe ibuprofeni saa moja kabla, kama hana vidonda vya tumbo wala tatizo la figo. Na ale. Sijui nani aliwafundisha kuwafungisha watu wasiopewa nusukaputi.

Nesi mmoja awe wa mgonjwa tu, asishike kifaa chochote. Amsemeshe, amwangalie usoni. Yeye ndiye atakayeona jasho na weupe wa midomo kabla yako. Mapigo yakishuka, toa kamera, inua miguu, atropini, dawa ya kupandisha mapigo ya moyo, iwe karibu, si kwenye kabati la chumba cha pili.

Ambao hawajazaa na waliokoma hedhi huumia zaidi, maana njia ni nyembamba. Hao waelezeni mapema kwamba ganzi ipo, na nusukaputi ipo, wachague wakiwa bado wamevaa nguo zao. Akisema "basi", ni basi, hata kama umebakiza sentimita moja. Andika kwenye faili kwamba kipimo kimesitishwa kwa ombi lake, kisha mpangie tarehe ya chumba cha upasuaji kabla hajaondoka.