Maji ya Turasha na mifereji mikavu Nakuru

Ndugu, umeuliza kwa nini bwawa la Turasha, linaloletea mji wetu maji, liachie maji yateremke mtoni ilhali sisi huku Nakuru tunanunua mtungi wa lita 20 kwenye mkokoteni. Uchungu wako naujua, hata mimi hukesha nikingoja zamu ya mgao.

Lakini maji yale hayapotei. Mto Turasha huingia mto Malewa, na Malewa ndio unaolisha Ziwa Naivasha kuliko mto mwingine wowote. Njiani kuna watu. Kiangazi kimoja nilisimama kando ya Malewa nikaona kina mama wakichota kwa kikombe katikati ya mawe, kikombe kimoja kimoja, punda wakingoja nyuma yao.

Sheria ya Maji ya 2016 inayaita maji hayo yanayoachiwa mto akiba: maji ya mahitaji ya msingi ya binadamu na ya kulinda uhai wa mto. Kanuni za usimamizi wa maji za 2007 ziliweka kima cha chini cha akiba hiyo, yaani kiasi ambacho mto huwa nacho au kukipita kwa asilimia 95 ya wakati. Hicho ni kijito cha kiangazi kikali tu! Kukiziba ni kuua mto bila kuushibisha mji.

Mimi ningeanza na mabomba. Kampuni za maji nchini hupoteza zaidi ya asilimia 40 ya maji kwa uvujaji, wizi na mita mbovu. Kikao cha maoni ya wananchi kikiitishwa, twende pamoja tuulize ni maji mangapi yanayopotea kati ya mtambo wa kusafisha maji na mita zetu.