Maswali ya Wasomaji: Mito ya Hedifoni na Sauti Inayofika Sikioni

SWALI: Nina hedifoni ya Sennheiser HD 650 niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Mito yake ya mahameli imebonyea kiasi kwamba masikio yangu yanagusa sponji nyeusi ya ndani, na sauti yake si ile niliyoisikia kwa rafiki yangu mwenye hedifoni kama hiyo. Muuzaji mmoja ananishauri niweke mito minene ya ngozi pamoja na waya wa fedha, akisema viwili hivyo vitaipandisha daraja. Nianze na kipi?
Msomaji wa Mombasa

JIBU: Anza na mito, ila iwe ileile ya asili inayotengenezwa kwa ajili ya modeli hiyo. Mto haukuwekwa kwa starehe ya masikio peke yake. Unene wake ndio unaoweka umbali kati ya spika na tundu la sikio, ndio unaoamua ukubwa wa nafasi ya hewa iliyopo katikati, na ndio unaoufanya upinde wa kichwani ubane inavyopasa. Mto ukibonyea, yote matatu huharibika kwa pamoja. Kwa hiyo, ndugu msomaji, bado hujaisikia HD 650 ikiwa nzima, na si busara kuanza kuiboresha kabla ya kuisikia.

Huenda ukajiuliza milimita chache zina uzito gani. Sauti husafiri hewani takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo wimbi la hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde), yaani besi nzito, lina urefu wa karibu mita 7, na spika ikisogea milimita 5 wimbi hilo haliathiriki kwa umbali huo. Lakini wimbi la hezi 10,000, ambako husikika mng'ao wa matoazi, lina urefu wa sentimita 3.4 tu, na milimita 5 hizohizo ni karibu sehemu moja ya saba yake. Mawimbi mafupi ya namna hii hugonga sikio, yakarudi kwenye spika na kwenye kuta za mto, kisha yakakutana, mahali pengine yakiongezana na mahali pengine yakipunguzana. Ukibadili unene wa mto umebadili makutano hayo, na ndiyo sababu mito miwili inayofanana kwa macho inaweza kuifanya sauti ileile ya mwimbaji isikike ya karibu kwa mmoja na ya kukwaruza kwa mwingine.

Sasa tuje kwenye ngozi. Mahameli hupitisha hewa na kunyonya sehemu ya mawimbi mafupi, ilhali ngozi huziba na kuyarudisha. Mto wa ngozi hukaba vizuri zaidi kuzunguka sikio na kuzuia besi isivuje, lakini mara nyingi huleta vilele vikali katika sauti za juu, na HD 650 imependwa na wengi hasa kwa utulivu wa sauti za katikati, pale ilipo sauti ya binadamu, udi na fidla. Kwa maoni yangu, kuihatarisha sifa hiyo kwa ajili ya besi kidogo ni biashara ya hasara. Kama besi ndiyo unayoitaka, iongeze kwa ikwalaiza, yaani kirekebisha sauti za chini na za juu, ya programu unayochezea muziki. Haina gharama, na usipoipenda unaizima. Kwa wewe wa pwani kuna jambo la ziada: mito mingi inayouzwa kwa jina la ngozi ni reksini, yaani ngozi bandia, ambayo kwa joto, unyevu na jasho humenyeka na kuacha vipande vyeusi shavuni.

Kubadilisha mito ya HD 650 hakuhitaji fundi. Shika mto kwa vidole karibu na fremu, uvute upande mmoja taratibu hadi vibanio vya plastiki viachie, kisha uzungushe mkono hadi utoke wote. Chini yake utaona kisahani cha sponji nyembamba kinachoifunika spika. Usikitupe na usikiache nje, kwa maana nacho ni sehemu ya sauti, mbali na kuzuia vumbi na nywele. Mto mpya ubonyeze ukingoni pande zote hadi usikie kila kibanio kikiingia.

Kuhusu waya wa fedha, hifadhi pesa zako. Fedha hupitisha umeme vizuri kuliko shaba kwa takriban asilimia 6, lakini ukinzani wa HD 650 ni omu 300, na waya wa kawaida hauna hata omu 1, kwa hiyo kinachopotea njiani ni chini ya desibeli 0.1. Nunua waya ikiwa ulionao umekatika, ni mfupi, au unahitaji plagi ya namna nyingine. Pesa hiyo itakufaa zaidi kwenye amplifaya, ikiwa simu yako imefika mwisho wa sauti na muziki bado ni hafifu.

SWALI: Natumia Beyerdynamic DT 770 Pro ya omu 80 na navaa miwani. Je, mito ya reksini itaniongezea besi?
Msomaji wa Dodoma

JIBU: Inaweza, lakini kwanza uichunguze miwani. DT 770 ni hedifoni iliyofungwa, yaani vikombe vyake vimezibwa kwa nje, na besi yake inategemea sana mto kukaa bila mwanya. Mkono mnene wa miwani unaoinua mto nyuma ya sikio unatosha kuivujisha. Cheza wimbo wenye besi endelevu, uvue miwani huku hedifoni ikiwa kichwani, usikilize. Besi ikirudi, fremu yenye mikono myembamba itakusaidia kuliko mto wowote. Isiporudi, jaribu reksini, ukijua kwamba itakutia joto zaidi ya mahameli. Unapolinganisha mito miwili, sawazisha kwanza kiwango cha sauti, kwa sababu ule unaosikika kwa nguvu zaidi, hata kwa tofauti ndogo, sikio huuona kuwa ndio bora.