Pima maji kabla mtambo haujafika: kwa wanaoanza kazi ya mazingira

Nakuru hakuna kisima hata kimoja cha gesi ya mwamba tope, ile inayotolewa kwa kupasua mwamba kwa maji ya shinikizo. Hata hivyo, ukihitimu Njoro au Maseno na kuingia kazi ya tathmini ya mazingira, utaitwa kwenye kikao ambapo mmoja atasema gesi hii ni mkombozi, mwingine aseme ni sumu tupu. Jifunze hatari yenyewe hukaa wapi.

Faida zipo, usizikatae kwa ushabiki. Mwaka 2005 karibu nusu ya umeme wa Marekani ulitokana na makaa ya mawe. Leo hayafiki robo, na gesi ya bei nafuu ndiyo iliyoyasukuma kando kwa kiasi kikubwa. Kituo cha gesi hutoa takriban nusu ya kaboni dayoksaidi ya kituo cha makaa kwa umeme uleule. Lakini hesabu hiyo huharibika gesi ikivuja njiani, maana methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi hiyo, hupasha joto zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dayoksaidi katika kipindi cha miaka 20. Isitoshe, umeme wa Kenya hutoka zaidi kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa na upepo, kwa hiyo hoja ya kuondoa makaa haina uzito mkubwa kwetu.

Wengi wanaoanza kazi hii huogopa nyufa. Mwamba hupasuliwa kwa kawaida kilomita 1.5 hadi 3 chini, ilhali visima vyetu vya maji ni vya mamia ya mita. Ni nadra ufa kupanda umbali huo. Gesi hupenda njia rahisi: nje ya bomba la chuma la kisima, kati yake na mwamba, pale saruji iliposhika vibaya. Bomba lisipokaa katikati ya shimo, saruji hujaa upande mmoja. Tope la kuchimbia lisiposafishwa, saruji haigandi kwenye mwamba. Basi omba rekodi tatu: kipimo cha sauti cha ushikaji wa saruji, jaribio la shinikizo la bomba, na taarifa kama saruji ilirudi mpaka juu. Ukiambiwa rekodi ni siri ya kampuni, liandike hilo kwenye ripoti yako.

Halafu kuna maji. Kisima kimoja cha gesi huweza kumeza zaidi ya lita milioni 10. Utasikia kwamba kemikali ni asilimia 1 tu. Piga hesabu, ni lita 100,000, sawa na malori kumi ya maji ya lita elfu kumi. Yanayorudi juu hubeba chumvi kali, metali ya bariamu na wakati mwingine radiamu, yenye mionzi. Karatasi ya plastiki ya bwawa la kuhifadhia maji hayo ikitoboka au lori likipinduka, uchafuzi huanzia juu ya ardhi, si kilomita mbili chini. Huko Oklahoma, Marekani, maji taka ya visima vya mafuta na gesi yaliyosukumwa ardhini yaliamsha mipasuko ya zamani. Tetemeko la Pawnee la Septemba 2016 lilifika kipimo cha 5.8. Katika Bonde la Ufa swali hilo lingepaswa kuulizwa kwanza.

Sasa vipimo vya awali, kazi ambayo wanaoanza huifanya haraka mno. Visima vingi vya Nakuru vina floraidi ya asili, itokayo kwenye miamba ya volkeno. Meno ya kahawia ya wenyeji ni ushahidi, na kikomo cha kawaida ni miligramu 1.5 kwa lita. Usipoipima mapema, kampuni italaumiwa kwa kosa la volkeno, au italificha kosa lake nyuma ya volkeno.

Chota kwenye bomba lililo karibu zaidi na pampu, kamwe si kwenye tangi, kwa sababu gesi hutoroka humo. Acha pampu iende mpaka joto, pH (kipimo cha uasidi) na upitishaji umeme vitulie kwa vipimo vitatu mfululizo. Kwa methani, zamisha chupa ya kioo ndani ya ndoo, mpira wa maji ufike chini ya chupa, ufunge kifuniko humohumo majini. Igeuze: ukiona kipovu, mwaga uanze upya. Chupa ya kupimia metali ni nyingine, nayo hutiwa asidi ya naitriki hadi pH ishuke chini ya 2. Zote ziende maabara kwenye barafu.

Agiza pia kipimo cha ithani, gesi ya jamii moja na methani. Kisima kilicho karibu na mafunjo ya Dunga, Kisumu, kinaweza kuwa na methani ya kinamasi, ambayo kwa kawaida haina ithani ya maana. Gesi ya kina kirefu huwa nayo. Marekani, methani ikizidi miligramu 28 kwa lita huchukuliwa hatua mara moja. Kati ya 10 na 28 kisima hufuatiliwa.

Rudia msimu wa mvua na wa kiangazi. Na kabla hujaondoka, mwandikie mwenye kisima tarehe na namba ya chupa, kisha majibu yakitoka umpelekee nakala yake, kwani ndiye atakayeulizwa miaka kumi baadaye.