Timu yetu ilianza mwaka gani?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni katibu wa timu ya soka ya kijiji kimoja kilichoko kando ya ziwa, wilayani Magu. Tumeazimia kuandika historia ya timu yetu, lakini tumekwama mwanzoni kabisa. Mzee mmoja anasema timu ilianza mwaka wa Uhuru. Mwingine anashikilia kwamba ilianza baada ya watu kuhamishiwa kijijini. Jina nalo limebadilika, na daftari la kwanza liliharibiwa na mchwa. Tuandike mwaka upi?

JIBU: Marahaba, ndugu Katibu. Huenda wazee wenu wote wawili wanasema kweli. Wakati wa Operesheni Vijiji, hasa mwaka 1974, kaya nyingi za Usukumani zilizokuwa zimetawanyika zilihamishwa na kukusanywa katika vijiji vipya, kwa hiyo anayetaja 1961 anaweza kuwa anaikumbuka timu ya makazi ya zamani. Waulizeni uwanja ulikuwa wapi na wachezaji walitoka kaya zipi. Ikionekana kwamba ni vijana walewale waliohama na mpira wao, basi timu ni moja, na mwaka wa mwanzo ni ule wa kwanza.

Jina lisiwasumbue. Simba ya Dar es Salaam huhesabu umri wake tangu 1936, ingawa jina hilo ililichukua mwaka 1971, baada ya kuitwa Sunderland kwa miaka mingi.

Mkiwahoji wazee, msiwaulize mwaka. Waulizeni jambo lilitokea kabla au baada ya tukio ambalo kila mtu analifahamu. Yapo ya kutosha: Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, Taifa Stars kucheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika huko Lagos mwaka 1980, Pamba ya Mwanza kutwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1990, na kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Kwa mpenzi wa kandanda wa Kanda ya Ziwa, naona ubingwa wa Pamba ndio kigezo bora kuliko vyote. Mhojini kila mzee peke yake kwanza, kwa sababu wakikaa kikao kimoja, mwenye sauti kubwa ndiye atakayewaandikia historia.

Kuna jambo ambalo waandishi wa historia za timu za kando ya ziwa hulisahau, nami ningependa mlipe nafasi kubwa, nalo ni uvuvi. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mbalamwezi inapong'aa mitumbwi hupumzika, na ndipo wachezaji walioko mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inakotia nanga, wanapopata nafasi ya kurudi uwanjani. Kwa hiyo mkikuta kumbukumbu ya kipigo kikubwa, ulizeni kwanza kama mechi ilichezwa katika siku zisizo na mbalamwezi, kwa maana huenda nusu ya kikosi ilikuwa majini na waliocheza ni wanafunzi na wazee wa akiba. Vivyo hivyo, viwanda vya minofu ya sangara vilivyojengwa Mwanza kuanzia miaka ya 1990 viliwavuta vijana wengi mjini na kwenye kambi za uvuvi, na pengine humo ndimo mtakamopata sababu ya miaka ambayo timu ilikaa kimya.

Kwa upande wa nyaraka, anzieni shule ya msingi, kwa kuwa timu nyingi za vijijini zilitumia uwanja wa shule na walimu ndio waliokuwa makocha. Kisha mwoneni afisa michezo wa wilaya, mumuulize kama timu ilipata kusajiliwa chini ya sheria ya 1967 iliyounda Baraza la Michezo la Taifa. Mwaka wa usajili mkiupata, uwekeni pembeni ya mwaka wa kuanza, usichukue nafasi yake. Ushahidi wa mwaka wa mwanzo usipotosheleza, andikeni "kabla ya 1974" na muendelee na sura inayofuata.