Umeokota chupa yenye barua ziwani? Usikimbilie Facebook kwanza

Ndugu wa Goma uliyeokota chupa yenye karatasi pale bandari ya Kituku, kwenye Ziwa Kivu, na unauliza utampata vipi aliyeandika, subiri kwanza usipige picha ukaiweka Facebook. Mimi niko Bukavu, hiyo kitu ilinipata mwaka juzi na mwenyewe nilimpata, ila nilihangaika karibu wiki tatu, na kosa lilikuwa langu.

Yangu niliikuta upande wa Muhumba, karibu na pale ziwa linapotokea kuingia mto Ruzizi, unaoshuka kuelekea Uvira na Ziwa Tanganyika. Takataka za Kivu yote zinashukia huku kwetu, plastiki zinajaa mpaka zinasumbua mashine za bwawa la umeme la Ruzizi I, sasa siku hiyo tulikuwa vijana wa avenyu tunaokota chupa nikashika moja ya maji, ya nusu lita, kifuniko kimezungushiwa mshumaa ulioyeyushwa. Ndani karatasi ya kaye, yaani daftari, imeviringishwa kama sigara. Kwa haraka nikaivuta na kidole kupitia mdomo wa chupa, ikachanika palepale kwenye namba ya simu, tarakimu moja ikaharibika kabisa. Wewe usifanye hivyo. Kata chupa kwa wembe, karatasi ikiwa mbichi usiifungue, iache kivulini ikauke taratibu. Kama aliandika na biki maneno yatabaki, wino wa biki ni wa mafuta hauogopi sana maji.

Basi tarakimu moja ikikosekana ni namba kumi za kujaribu, nikazipiga. Nyingine hazipatikani, mmoja alikuwa motari, dereva wa pikipiki, wa Uvira, mwingine akanitukana eti nataka kumwibia feza za simu, na sikumlaumu, hata mimi ningeogopa. Nikabadilisha nikaanza kutuma mesaji: je, kuna mtu kwenu alifunga chupa na mshumaa akaitupa ziwani? Basi, neno lingine hapana. Mambo ya ndani ya barua usimwambie mtu, yeye ndiye akuambie wewe, hapo ndipo utajua ni yake kweli. Na barua nyingine mtu anaiandikia ndugu aliyemezwa na maji, ukiianika mbele ya watu utamuumiza mama wa watu.

Namba ya nane ikanirudia yenyewe, mzee wa kisiwa cha Idjwi. "Allo? Mushumaa? Ngoja, nakupatia mutoto." Aliyeandika alikuwa mjukuu wake, namba ni ya babu. Akanitajia mstari wa kwanza wa barua bila kukosea.

Sasa yako. Chupa tupu inaelea juujuu, inafuata upepo kuliko mkondo, na kiangazi upepo wa kusini unasukuma vitu kuja huko Goma, kwa hiyo anza kuuliza Idjwi, Minova, Kalehe. Waulize wavuvi wa sambaza, vile visamaki vidogo, na wabebaji wa mizigo wa boti hapo hapo Kituku, wanajua nani anatoka wapi kuliko intaneti yoyote. Ziwa letu si bahari, mwandishi wako huenda yuko hai na yuko karibu.

Baharini ndiyo kazi. Mwaka 2018 kule Australia Magharibi waliokota chupa ya jin iliyotupwa na meli ya Kijerumani Paula tarehe 12 Juni 1886, Wajerumani walikuwa wanachunguza mikondo ya bahari, na kilichothibitisha ni tarehe na jina la meli, wakafungua daftari la nahodha wakakuta siku hiyo hiyo ameandika kwamba ametupa chupa. Na ile ya Mwingereza George Parker Bidder, mtafiti wa bahari, ya mwaka 1906, iliokotwa kisiwa cha Amrum, Ujerumani, mwaka 2015, ndani kadi inaahidi shilingi moja kwa atakayeirudisha, na kweli watu wa chama cha utafiti wa bahari pale Plymouth, Uingereza, walitafuta shilingi ya zamani wakamtumia aliyeokota.

Yule mtoto hakutaka feza, alitaka barua yake irudi. Niliibandika na skochi, ile tepu ya gundi, pale nilipochana, nikaitia anvelopi, nikampa mama mmoja wa kwao aliyekuja sokoni na boti. Aliponipigia akauliza chupa iliishia wapi hasa, nikamwambia mlangoni mwa Ruzizi. Akanyamaza kidogo, kisha: "Kumbe ilibakia kidogo iende Uvira."

Yako ina tarehe? Niandikie tarehe tu, mengine yaache humo humo.