Katamarani ya mita 9 au 12? Jaza madumu kwanza

Msomaji wa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, anataka katamarani (boti ya matumbo mawili) ya injini ya kupeleka wageni miambani, na hajui achukue ya mita 9 au ya 12. Kwa safari za mchana, wageni wasiozidi 12, achukue ya 9.

Mita tatu zisikudanganye. Boti haiongezeki urefu tu, huongezeka upana na kimo pia. Ongeza theluthi pande zote tatu, uzito unafika karibu mara 2.4, na mashine, nanga na kamba hufuata uzito. Mashine za petroli za kufunga nyuma zikikazwa mafuta hadi mwisho hula lita 30 hadi 38 kwa saa kwa kila nguvu farasi 100. Mbili za 100, za boti ndogo, ni lita 60 hadi 76. Mbili za 250, ambazo boti kubwa itazidai, ni lita 150 hadi 190. Wageni ni walewale.

Ila ndogo ina sharti lake: haivumilii kuzidishiwa. Matumbo yake mawili ni membamba, kwa hiyo huzama upesi ukiipakia. Ile nafasi ya katikati, kati ya maji na sakafu inayounganisha matumbo, ikipungua, mawimbi hugonga sakafu kwa chini, na kishindo hicho ndicho kinachopasua faiba kwenye maungio.

Kabla ya kulipa, jaza matangi, kisha panga madumu 48 ya lita 20 yenye maji pale wanapokaa abiria. Hizo ni kilo 960, sawa na watu 12 wa kilo 80. Pima kwa futi kutoka majini hadi chini ya sakafu, omo (mbele) na tezi (nyuma), kabla ya kupakia na baada. Halafu toka nayo siku ya kusi, upepo ukipingana na mkondo, uielekeze wimbini kwa kasi ya noti 15 (kama kilomita 28 kwa saa). Ikigonga mfululizo, iache, hata kama bei ni nzuri. Rasharasha zikikurudia usoni kutoka katikati ya matumbo, inua omo kidogo kwa kurekebisha mwinamo wa mashine. Boti fupi ndivyo zilivyo. Kona kali usikate kwa kasi, kwani nyingi huinamia nje na abiria huteleza.

Ya 12 inafaa kwa anayevuka kwenda Pemba mara kwa mara au kulaza watu baharini. Lakini utaiweka wapi? Jambiani wakati wa bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu na mwandamo, maji hupwa mbali mno, na boti yenye upana wa karibu mita 5 haipandi lori la kawaida. Ya 9 unaikalisha mchangani kwa matumbo yake mawili, wima, mashine zikiwa zimeinuliwa. Maji yakiwa yamekupwa, unakwangua kome, unabadilisha zinki (vipande vya madini vinavyolika badala ya mashine) zilizolika nusu, na maji yakijaa unaondoka.